Kwa nini anayeongoza mapema Snowball Derby hurudi nyuma?

Umeuliza kwa nini gari linaloongoza mizunguko 50 ya kwanza ya Snowball Derby, mbio za magari pale Pensacola, Florida, Marekani, mara nyingi hupotea baadaye. Ni tairi, hasa la nyuma kulia. Five Flags, uwanja wa mbio hizo, ni duara la nusu maili, lami yake inakwaruza sana, na mbio ni mizunguko 300. Gari linakata kushoto tu, kwa hiyo uzito mwingi kwenye kona unaegemea kulia. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa akitoka konani, tairi hilo linateleza, linapata joto, upepo ndani unapanda, na mshiko ukishakwisha haurudi. Anayejua kazi huachia mafuta mapema na kukanyaga polepole hadi usukani unyooke. Seti za tairi zina kikomo, hivyo timu makini huweka mpya moja kwa ajili ya mwisho.

Angalia pia tofauti ya mzingo: tairi la nyuma kulia huwa kubwa kuliko la kushoto ili gari likate lenyewe. Tofauti ikizidi, mkia unachomoka.

Na kumaliza wa kwanza hakutoshi, kwani ukaguzi wa baada ya mbio ni mkali mno. Mwaka 2013 dereva Chase Elliott alivuka mbele akaondolewa kwa sababu gari lake lilikuwa na kipande cha uzito cha tungsteni, chuma kizito kuliko madini ya risasi kilichokatazwa. Ushindi ukaenda kwa Erik Jones.