Muulize Mzee wa Mawe: Manjano ya Shinyalu, Kioo cha Kariandusi

Mzee, salamu kutoka Shinyalu. Tukichimba choo tulipata jiwe jeupe lenye vipande vya manjano vinavyong'aa sana. Ndugu yangu anaapa ni dhahabu, na broka ameanza kunipigia simu. Niuze?

Broka asubiri. Hilo jeupe huenda ni kwatsi, na huko Kakamega dhahabu hukaa ndani yake kweli. Ndiyo iliyowavuta Wazungu kwa fujo miaka ya 1930. Lakini humo humo hukaa pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo imewadanganya watu wengi. Mimi mng'ao mwingi hunitia shaka.

Tafuta kigae cha bafuni, ukigeuze upande wa nyuma usiopakwa rangi, usugue hapo kipande cha manjano. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Kisha weka punje juu ya chuma, uigonge kwa nyundo: dhahabu hutandaa, pairiti husagika, na huenda ukanusa salfa. Kisu nacho hukata dhahabu ila kwa pairiti huteleza.

Ikiwa ni dhahabu, mtu asikuletee nyumbani zebaki ya kuinasia dhahabu hiyo. Ikichomwa, mvuke wake huharibu ubongo na figo, na watoto ndio huumia zaidi. Tena ujue kwamba kwa Sheria ya Madini ya 2016, shamba ni lako ila madini ni mali ya Jamhuri. Usichimbe bila kibali. Najua hutalipenda jibu hili; hata mimi silipendi.

Babu, sisi ni wanafunzi wa Gilgil. Tulipotembelea Kariandusi tuliokota jiwe jeusi kama kioo. Mwalimu anasema ni mwamba, si madini. Kwani si kitu kimoja?

Kwanza lirudisheni. Kariandusi watu wa kale walichonga shoka za mkono kwa mawe kama hilo, na kipande kikishaondolewa mahali pake, mtafiti hawezi tena kukisoma.

Mwalimu wenu yuko sawa. Madini ni kitu kigumu cha asili chenye kemikali maalum, na atomu zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja. Mwamba kwa kawaida ni mkusanyiko wa madini. Mkifika Kit Mikayi kule Seme, utazameni ule mwamba wa matale kwa karibu: punje za kung'aa kama glasi ni kwatsi, nyingine ni feldspa, na vimeta vyeusi huwa ni maika. Mwamba mmoja, madini kadhaa.

Jiwe lenu, obsidiani, lilitoka kwenye volkeno kama uji mzito wa moto, likapoa haraka mno hata atomu hazikupata nafasi ya kujipanga. Ndiyo maana likaitwa kioo cha volkeno, na ndiyo maana likivunjika lina makali ya kutisha. Msilijaribu kwa kidole.

Mzee, lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, mbona linaelea? Nakuru.

Hilo ni pumisi. Uji wake unaweza kuwa sawasawa na wa obsidiani, ila huu ulitoka umejaa gesi, ukaganda ukiwa povu. Vitundu vina hewa. Liache kwenye ndoo muda mrefu, maji yaingie vitunduni, nalo litazama.