Pikapu ya dizeli inatetemeka ikivuta: kagua propela kabla ya kununua nozeli

Mkuu, nimekuelewa hivi: pikapu yako ya dizeli, silinda 4, imetulia ikiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), lakini ukifika 70 hadi 90 huku umekanyaga mafuta inatetemeka, na ukiachia mafuta mtetemo unapungua. Wili balansi umefanya, mauntini (raba zinazobeba injini) umebadilisha, sasa fundi anataka nozeli zote, yaani vipulizia dizeli vya kila silinda, zishushwe. Nozeli ziache kwanza. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, na nozeli hazikuhusika kabisa.

Anza kwa kujua mtetemo unafuata nini: mzunguko wa injini au mwendo wa gari. Toka kwenye foleni ya Nyakato hapa Mwanza, vuka Kisesa, tafuta kipande kilichonyooka cha barabara ya Magu. Nenda 80 kwa gia ya 5, kisha 80 ileile kwa gia ya 4. Injini itazunguka kwa kasi zaidi, ila magurudumu na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma) vitabaki na kasi ileile. Mtetemo usipobadilika, basi injini na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) hazina kesi. Halafu, barabara ikiwa tupu, weka fri (gia huru) ukiwa 90 uache gari iserereke. Injini usizime, maana breki na usukani vinaitegemea. Mtetemo ukiendelea hata kwenye fri, rudi kwenye matairi na rimu. Huku kwetu usisahau udongo mweusi wa mbugani: ukigandia upande wa ndani wa rimu unaharibu balansi yote, na dawa yake ni maji na kijiti tu. Ila mtetemo ukipotea kwenye fri na kurudi mara tu unapovuta, ingia chini uangalie propela.

Kwangu usukani ulikuwa umetulia, mtetemo unatoka chini ya kiti, tena wa haraka, mvumo zaidi kuliko mtikisiko. Kasi hiyo yenyewe ni ushahidi. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa karibu mita 2.4, kwa hiyo kwa kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela, kwa difu (gia za ekseli ya nyuma) yenye uwiano wa karibu 4, inazunguka kama mara 36. Tairi bovu linakutikisa, propela inavuma.

Krosi, yaani viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha za propela, zilikuwa mpya, hazina mchezo hata kidogo, na hapo ndipo mafundi walipokwama. Nikalala chini ya gari nikatazama masikio yanayoshika krosi, ya mbele na ya nyuma. Hayakuwa mstari mmoja. Waliofunga krosi mpya walichomoa propela kwenye ile sehemu ya meno inayoteleza, wakairudisha imeruka meno. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi kwa kasi moja: katika kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, lakini mpaka masikio yawe yamelingana. Yakipishana, kasoro haifutiki, inaweza hata kuongezeka. Na ukivuta, difu inainua pua, pembe inabadilika, ndiyo maana unasikia ukikanyaga tu. Tukachomoa, tukalinganisha, tukafunga, kwisha. Hakuna spea iliyonunuliwa. Inaniuma sana nikiona mtu anauza ng'ombe anunue nozeli 4 kwa tatizo la namna hii.

Propela yako ikiwa ya vipande viwili, kagua pia senta beringi (inayoishika propela katikati) na raba yake. Tafuta na alama za kiwandani, kwa sababu yapo magari ambayo masikio yamepishanishwa kwa makusudi. Na popote propela inapofunguliwa, simamia mwenyewe: alama ya rangi ipigwe kwenye flanji zote na kwenye meno kabla nati haijaguswa.

Nozeli mbovu kwa kawaida ungeisikia kwenye sailensi. Injini ya silinda 4 ikiwa mizunguko 750 kwa dakika inachoma mara 25 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa unapata mitikisiko mizito kama 6 kwa sekunde, gari nzima inayumba, mara nyingi na moshi mweupe asubuhi. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya paipu ya kila nozeli kwa zamu, na ile isiyobadilisha mlio ndiyo iliyokufa. Kama yako ni ya komoni reli (paipu moja ya presha kubwa inalisha nozeli zote) asithubutu! Presha mle inaweza kupita baa 1,000, na dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya mkono. Hiyo hupimwa kwa mashine, au kwa kulinganisha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli.

Fanya jaribio la gia mbili na la fri, kisha uniambie propela ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na mtetemo ulianza kabla au baada ya hapo. Weka na picha ya propela iliyopigwa kwa ubavu, masikio ya pande zote mbili yaonekane.