Nyuso nyeusi za Dunhuang

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa rangi hapa Jinja, naandika mabango na kuchora kuta za shule za chekechea. Mteja kaniletea kalenda yenye picha za mapango ya Wabudha huko Dunhuang, China, anataka nimchoree sebuleni. Watu waliomo wana nyuso nyeusi na pete nene za hudhurungi. Walikuwa weusi kama sisi? Na imekuwaje rangi yao ikae karne zote hizo, ilhali yangu hubanduka kabla mwaka haujaisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, hawakuchorwa weusi. Hayo ni mapango ya mwanzo ya Mogao, karibu na mji wa Dunhuang, ya kati ya karne ya 5 na ya 6, na weusi uliingia baadaye. Mchoraji alipaka rangi ya ngozi, akazungusha wekundu ukingoni mwa uso, mikono na tumbo ili mwili ujae, kisha akatia meupe kwenye pua na macho. Wekundu ule ulichanganywa na rangi ya madini ya risasi, ambayo ikipigwa na unyevu na mwanga hugeuka hudhurungi, mwisho nyeusi. Kivuli hicho laini cha ukingoni ndicho kilichogeuka pete unayoiona. Chungulia tena kalenda yako: meupe ya pua yamebaki. Buluu nayo imesimama, kwa kuwa ni jiwe la lazuli lililosagwa, lililotoka mbali, Badakhshan, Afghanistan.

Kuhusu kudumu, jangwa limewasaidia sana. Lakini waliandaa ukuta kwanza. Mwamba wa Mogao ni changarawe iliyoshikana, haupakiki. Wakaukandika udongo uliochanganywa na majani makavu, juu yake udongo laini wenye nyuzi, halafu tabaka jembamba jeupe. Ulipokauka ndipo wakachora, rangi ikishikwa na gundi ya ngozi za wanyama. Nikisoma hayo namkumbuka mama yangu kule Koboko, akikanyaga udongo na nyasi zilizokatwakatwa. Ukuta ukikauka alipitisha kidole gumba kwenye kila ufa, akauziba, na hakuturuhusu hata kuuegemea mpaka amalize.

Na hata huko jangwani maji yameharibu. Unyevu ukipita kwenye mwamba huyeyusha chumvi, chumvi hutoka usoni mwa ukuta, rangi ikajikunja kama magamba ya samaki. Ukuta wako nao huenda unaugua hivyo hivyo. Bandua kipande, utazame nyuma yake: ukikuta unga mweupe, huenda ni chumvi, na pengine maji yanapanda kutoka msingini. Mimi niliwahi kupaka rangi juu ya lipu ya wiki mbili, haijakauka, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka. Nikarudi kuikwangua yote, kwa gharama yangu. Tafuta maji yanakotoka kabla ya kununua rangi.

Sasa mteja wako. Mweleze habari ya risasi, kisha umwombe ruhusa uchore nyuso zilivyokuwa siku brashi ilipoinuliwa. Usitafute rangi yenye risasi, ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya maji ya kawaida inatosha. Anza na tumbo la mmoja wao, kwa wekundu mwepesi, uufifishe kwa brashi yenye maji kuelekea kitovuni, umwite mteja aone kabla hujagusa uso.