Maswali ya wasomaji: Kabla ya kununua kipoza, soma herufi ya bodi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye kompyuta za mezani za kati ya mwaka 2011 na 2014. Wanataka kuziovakloki, yaani kuisukuma prosesa au kadi ya grafiki ipite kasi iliyotoka nayo kiwandani, ili gemu ziende vizuri bila kununua mashine mpya. Tumechagua nne. Bei hatuandiki, kwa sababu bei ya vitu vya mtumba ya Jumatatu si ya Ijumaa.

Nina Core i5-2500K kwenye madabodi ya H61, RAM kipande kimoja cha GB 8, kadi ya GTX 970, na pawasaplai iliyoandikwa wati 500. Fundi ameniambia ninunue kipoza cha maji nifike 5 GHz. Nina akiba kidogo tu. Nianze na kipi?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Kipoza usikinunue kwanza. Hata ukiipoza prosesa hiyo kwa barafu ya wauza samaki wa Dunga, bodi ya H61 haitakuruhusu kuipandisha. Kasi ya prosesa yako ni kizidisho mara 100 MHz: 33 mara 100 ndiyo ile 3.3 GHz. Herufi K kwenye jina lake maana yake kizidisho kimefunguliwa, lakini sharti chipseti ya bodi, yaani chipu yake kuu ya usimamizi, nayo ikubali. Kwa soketi 1155, ile inayobeba prosesa yako, zinazokubali ni P67, Z68, Z75 na Z77. H61, B75, H67, H77 na zile za ofisini za Q hazikubali. Na usijaribu kupitia mlango wa nyuma kwa kupandisha ile 100 yenyewe: katika kizazi hiki imefungwa pamoja na njia za diski na kadi, na ukipita 104 au 105 hivi mafaili huanza kuharibika kimyakimya.

Ila kabla hujatoa shilingi, pima kama prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Weka programu ya MSI Afterburner, washa maandishi yake yaonekane juu ya gemu, ucheze nusu saa ukitazama asilimia za kazi. Kadi ikikaa 97 hadi 99, prosesa haina kosa. Ukiipandisha hutaona tofauti yoyote. Kadi ikikaa 60 huku viini vya prosesa vimejaa, basi una sababu ya kuendelea. Jua pia kwamba kuna gemu za sasa zinazodai maagizo ya AVX2, na prosesa za Intel Core za kizazi cha pili (kama yako) na cha tatu hazina. Hata ukifika 5 GHz gemu hizo hazitafunguka.

Ukiridhika, tafuta Z77. Inabeba kizazi cha pili na cha tatu, na ina USB 3.0 ndani ya chipseti yenyewe. Ukiletewa P67, uliza kama ni toleo la B3: mwanzoni mwa 2011 Intel iliagiza zirudishwe chipseti za toleo la B2 kwa sababu baadhi ya milango yake ya SATA ilikuwa ikichakaa. Dukani, toa kifuniko cha soketi na umulike pini kwa tochi ya simu ukiinamisha bodi polepole. Pini zilizonyooka humeta kwa mistari iliyo sawa, na iliyopinda huonekana kama jino lililovunjika kwenye chanuo. Tazama kapasita zilizo karibu na prosesa, vichwa vyake viwe bapa. Hakikisha kuna hitisinki (bamba la chuma la kupunguza joto) juu ya sehemu inayoilisha prosesa umeme, ile VRM, na soketi ya umeme wa prosesa iwe ya pini 8, si 4. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako huku RAM ikijaribiwa katika kila nafasi, moja baada ya nyingine. Nafasi mfu ya RAM mara nyingi si ugonjwa wa RAM, ni pini iliyopinda ya soketi.

Cha pili ni pawasaplai. Usisome namba kubwa ya kwenye boksi, soma stika ya ubavuni, mstari wa volti 12. Ikiandikwa ampia 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Hizo ndizo wati zako za kweli kwa prosesa na kadi, hata kama nje pameandikwa 500. Sasa linganisha na mahitaji. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawa na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka 3.3 GHz kwa volti 1.20 hadi 4.5 GHz kwa volti 1.35, kasi imezidi mara 1.36 na mraba wa volti mara 1.27. Jumla ni kama mara 1.73. Prosesa ya wati 95 inakuwa ya 164 hivi. Ongeza GTX 970 yenye wati 145, na 50 za diski, feni na bodi, unakaribia 360. Pawasaplai ya kweli ya wati 550, yenye ampia zaidi ya 40 kwenye volti 12, inatosha na inabakiza nafasi.

Ndipo kipoza. Cha mnara, feni ya mm 120 na mabomba manne ya shaba, kinakutosha kwa 4.4 au 4.5 GHz. Kipoza cha Hyper 212 Evo, kwa mfano, kina urefu wa mm 159, kwa hiyo pima kesi yako kutoka juu ya prosesa hadi mlangoni kabla ya kulipa. Matundu ya soketi 1155 yana nafasi ileile ya 1156, 1150, 1151 na 1200, basi kipoza cha yoyote kati ya hizo kitaingia. Cha 1700 hakiingii. Cha maji cha mtumba hatukipendekezi kabisa. Pampu huchoka, maji hupungua miaka ikienda, na hakuna dirisha la kuchungulia kiasi kilichobaki.

Kisumu ina mambo yake mawili. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba: chumba kikitoka nyuzi 24 kufika 31, ongeza saba zilezile kwenye prosesa. Kwa hiyo pima mchana wa jua, si saa tano usiku. Na wale vijidudu vya ziwani hufuata mwanga. Kesi yenye feni za taa za rangi, ikiwekwa karibu na dirisha, hugeuka mtego, na mizoga yao huziba mapezi ya kipoza kama pamba. Weka feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, kisha ufunike za mbele kwa kichujio. Soksi nyembamba ya nailoni iliyonyooshwa inafanya kazi, mradi uifue kila wiki mbili.

Pesa ikibaki, ongeza kipande cha pili cha RAM cha GB 8 kinachofanana na cha kwanza, DDR3 1600 cha volti 1.5, na uweke kwenye nafasi zenye rangi moja. Viwili hufungua njia mbili za kumbukumbu, na katika gemu zinazotegemea prosesa utaliona hilo mapema kuliko utakavyoona 4.5 GHz. Ile 5 GHz isahau. Hizo hatua za mwisho za kasi hudai volti nyingi kupita faida yake.

Nimenunua Dell OptiPlex 7010 yenye i5-3470. Nataka kuiovakloki, nibadilishe nini?
*Kijana wa Lanet, Nakuru*

Haiovaklokiki. Chipseti ni Q77 na prosesa haina K. Kubadilisha bodi si rahisi, maana mashine hizi zina mpangilio wa kwao wa waya za mbele na feni. Weka pesa kwingine: i7-3770 ya mtumba huingia kwenye soketi hiyohiyo, inakula wati 77 kama hiyo uliyonayo, na inakupa nyuzi nane za kazi badala ya nne. Weka SSD, na RAM vipande viwili vya GB 8. Kadi ya grafiki iwe ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, kwa kuwa pawasaplai ya ile kesi ya mnara ni wati 275 na ya kesi nyembamba ni 240. Nyembamba itahitaji kadi ya kimo kifupi.

Ukija kubadilisha mashine, chunga: OptiPlex 9020 ina soketi ya umeme ya pini 8 kwenye bodi, na HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawasaplai ya kawaida ya pini 24 haiingii humo bila waya wa kugeuzia.

Nina i7-4790K na bodi ya Z97. Nimeweka kizidisho 47, volti nimeiachia bodi ichague. Joto linafika 95, na baada ya dakika ishirini gemu hufa. Wakati mwingine skrini ya buluu, wakati mwingine inazima kabisa. Tatizo ni kipoza?
*Msomaji, Kakamega*

Tatizo la kwanza ni hiyo "bodi ichague". Ukipandisha kizidisho na kuacha volti kwenye Auto, bodi nyingi hurusha volti juu kuliko inavyohitajika ili zisilaumiwe kwa kuyumba, na gharama yake unailipa kwa joto. Kizazi cha nne, ndicho chako, kina kirekebishi cha volti ndani ya prosesa yenyewe, na kifuniko chake cha chuma hakijaunganishwa kwa lehemu kama kile cha 2500K, kuna pesti ya kupitisha joto tu katikati. Joto hutoka polepole hata ukiwa na kipoza kikubwa.

Rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwandani, RAM pia, na XMP, ile mipangilio ya kuipa RAM kasi zaidi, izimwe kwanza. Weka volti kwa mkono, 1.20, na kizidisho 44 kwa viini vyote. Uwiano wa kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) uache 40. Endesha programu ya majaribio ya OCCT dakika kumi huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto. Ikipita, 45. Ikianguka, ongeza volti 0.01 au 0.02 na urudie, ukiandika kila hatua kwenye daftari. Tunasema daftari kwa sababu kompyuta ikiganda, faili uliyokuwa ukiandikia humo hupotea nayo. Ukomo wako wa kila siku uwe volti 1.30 na joto lisilozidi nyuzi 80 ndani ya gemu. Ukitumia Prime95, programu nyingine ya majaribio, chukua toleo la 26.6. Matoleo ya baadaye hutumia maagizo mazito ya AVX na huipasha prosesa hii kupita gemu lolote utakalocheza.

Namna inavyoanguka inakueleza ugonjwa. Skrini ya buluu yenye namba 0x124 au 0x101 kwa kawaida ni volti ndogo ya prosesa. Kuzima papo hapo bila skrini yoyote ni pawasaplai, au VRM iliyochemka: gusa hitisinki yake kwa uangalifu, na ikikuunguza, elekeza feni ndogo hapo. Gemu kujifunga peke yake na kukurudisha kwenye desktopu ni RAM au kadi mara nyingi, basi ipime RAM usiku kucha kwa MemTest86. Kasi kushuka bila kuanguka ni joto, prosesa inajiokoa.

Ikikataa kuwaka kabisa, chomoa waya wa ukutani, toa betri ya CR2032 kwenye bodi kwa dakika tano, rudisha. Hujaiua.

Na pesti: futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kaza skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe, nusu mzunguko kila moja. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, kipoza kitaegemea, na utaona kiini kimoja kina nyuzi kumi zaidi ya wenzake.

Stima huku hukatika ovyo. UPS yangu ya VA 650 hupiga kelele na kuzima nikiingia kwenye gemu, tangu nilipoovakloki. Pia nimepata RX 580 ya bei nzuri mno, iliyokuwa ikichimba sarafu za kidijitali. Niichukue?
*Baba wa wawili, Bungoma*

VA si wati. UPS ndogo za VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 tu, na mashine yako pamoja na skrini sasa inapita hapo. Hamisha skrini na spika ziende kwenye soketi ya ukutani, au utafute UPS ya VA 1200. Kuna pia pawasaplai zisizopenda umeme wa ngazi-ngazi unaotolewa na UPS za bei nafuu. Pawasaplai na UPS yako zikizima pamoja hata mzigo ukiwa mdogo, shida ni hiyo, na dawa ni UPS inayotoa wimbi laini. Kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya bodi, fanya UPS ikiwa imejaa chaji na gemu zimefungwa. Stima ikikatika katikati ya hatua hiyo, bodi inaweza isiamke tena.

Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka mchana na usiku, na programu yake ya ndani huenda ilibadilishwa ili itumie umeme kidogo. Zungusha feni kwa kidole: ikikwaruza, bei ipungue. Hakikisha si ile ya 2048SP, ambayo ina viini 2048 badala ya 2304 ijapokuwa jina linafanana. Kadi hiyo inakula wati 185, basi rudi kwenye hesabu ya volti 12 tuliyomfanyia msomaji wa Kondele. Iendeshe dukani dakika kumi na tano kwa mzigo kamili, utazame vidoa vya rangi kwenye skrini. Mwisho fungua GPU-Z, programu inayoitambua kadi. Jina la kadi likitanguliwa na neno FAKE, mshukuru muuzaji na uondoke.