Sikio halikuwa na ugonjwa, taya ndilo lilikuwa limechoka

Miezi minne nilitia dawa kwenye sikio lisilo na ugonjwa. Maumivu yalikaa mbele ya sikio la kulia, yakipanda hadi kipajini, na kila nikipiga mwayo nilisikia "ka!" ndani ya kichwa. Duka la dawa la jirani waliniuzia matone, kisha antibayotiki, kisha matone mengine. Shemeji alishauri ning'oe gego la mwisho. Mama mkwe, tuliyelala naye chumba kimoja siku za msiba, akasema nasaga meno usiku kama mtoto mwenye minyoo. Nikanywa dawa ya minyoo pia. Kusaga hakukukoma.

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Daktari wa meno alipolisikia hilo aliacha kuchungulia meno, akaanza kuuliza. Pini unaziweka wapi? Nazibana kwa meno. Uzi unaukata kwa kitu gani? Kwa meno. Mteja akipiga simu? Naibana kati ya shavu na bega, maana mikono iko kwenye kitambaa. Na shingo? Imeinama kutwa.

Weka ncha za vidole mbele tu ya matundu ya masikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Hapo panapocheza ndipo penye kiungo. Taya la chini limeshikana na fuvu kwa viungo viwili, kushoto na kulia, na kati ya mifupa kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza pamoja na taya. Kisahani kikihama mahali pake, taya huanza kualika, yaani kutoa ule mlio wa "ka!". Kikigoma kurudi, mdomo unaweza kukwama, ukafunguka nusu tu. Ni jirani kabisa na sikio, kwa hiyo sikio ndilo linalosingiziwa.

Kuna jambo moja sikuwa nimelisikia tangu nizaliwe: mtu akiwa ametulia, midomo hugusana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Mimi nilikuwa nimeyakaza kuanzia asubuhi. Desemba na Januari, msimu wa sare za shule, ndipo maumivu yalipozidi, na kodi ya fremu ilikuwa imekaribia. Mawazo huingia mwilini kupitia misuli, na misuli ya taya ina nguvu kubwa. Ukiikaza mchana kutwa na usiku ukasaga, haipumziki. Kahawa nyingi, sigara na pombe navyo vinahusishwa na kusaga meno usingizini, na pia baadhi ya dawa za sonona. Kama unazitumia, zungumza na daktari wako, usiziache mwenyewe.

Wengine sababu yao ni nyingine: kuanguka na bodaboda ukagonga kidevu, baridi yabisi, au kukaa mdomo wazi muda mrefu kwenye kiti cha daktari. Wanawake tunaumwa zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi mambo hayo hujumlishana. Mimi nilikuwa na pini, uzi, simu, kodi, na bigijii niliyoitafuna njiani kila jioni kwenye foleni ya Mbagala.

Zamani lawama ilikuwa juu ya meno yasiyopangana vizuri. Siku hizi ushahidi wa hilo unaonekana mdogo, kwa hiyo nakusihi: usikubali kung'olewa jino lisilo na ugonjwa wala daktari ayapunguze meno yako kwa kuyasaga kwa sababu taya linauma, kabla hujachunguzwa. Jino likitoka halirudi.

Kwangu matibabu yalikuwa ya upole. Wiki kadhaa niliacha miwa, mihogo mibichi na mahindi ya kuchoma, nikala wali, ndizi za kupika na uji. Kitambaa cha moto shavuni, dakika kumi na tano jioni. Nikipiga mwayo naweka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke kupita kiasi. Usiku navaa kinga ya plastiki niliyotengenezewa kwa vipimo vya meno yangu. Mafundi wenzangu, pini zichomeni kwenye kisponji cha kufunga mkononi, na mkasi mdogo uning'inizeni shingoni.

Usisubiri nyumbani ikiwa taya limevimba na una homa, au mdomo umekaza baada ya kupata kidonda, maana hiyo yaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua au kukosa pumzi ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, yaweza kuwa moyo.

Nimefunga kitambaa chekundu kwenye cherehani. Kila nikikiona naachanisha meno. Siku ya kwanza kwa daktari vidole viwili viliingia mdomoni kwa shida. Sasa vinaingia vitatu. Taya bado linaalika ninapopiga mwayo, ila haliumi, na daktari amesema mlio usio na maumivu hauhitaji dawa.