Kabla hujapakwa keratini, omba kuiona chupa

Mimi ni msusi, fremu yangu iko Majengo hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi ni hili: "Dada, si keratini ni salama kuliko rilaksa?" Zote mbili ni dawa za kunyoosha nywele, na wengi wanaamini hivyo kwa sababu keratini haichomi. Rilaksa ikikaa kidogo tu kupita muda wake unaruka kwenye kiti. Keratini unapakwa, unatulia, unachezea simu. Ila kichwa kutowaka moto hakukuambii chochote kuhusu kinachoingia mapafuni.

Rilaksa nitaipitia haraka, maana madhara yake mengi tunayajua. Ndani yake kuna sodiamu haidroksaidi, ile kostiki soda ya watengeneza sabuni, au dawa ya jamii ya chokaa kwenye zile zinazosifiwa kuwa laini. Usifumue rasta asubuhi ukataka dawa jioni, usijikune kichwa siku ya kuritachi, yaani kurudia dawa kwenye nywele mpya zilizoota, na mwenye kidonda asubiri kipone. Na kwa haya maji yetu ya chumvi, ambayo shampuu inahangaika kutoa povu, usikubali kusuuzwa mara moja na kupelekwa kwenye draya.

Tuje kwenye keratini. Keratini yenyewe ni protini, na haina shida. Kinachofanya nywele zikae zimenyooka kwa miezi ni kemikali inayozishikilia, na kwenye dawa nyingi za aina hii kemikali hiyo ni fomaldehaidi. Ukiichanganya na maji unapata fomalini, ile ya mochwari. Msusi anapopitisha pasi yenye joto la nyuzi 200 na zaidi, gesi inapanda pamoja na ule mvuke unaouona. Ndiyo inayokutoa machozi na kukukereketa koo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi mwaka 2019. Hata Brazil, ambako mtindo huu umepata jina, hairuhusiwi kutumika kunyooshea nywele.

Wauzaji nao si wajinga. Wameona watu wanaogopa, wakaandika mbele ya chupa kwamba haina fomaldehaidi. Geuza nyuma. Ukikuta methilini glaikoli, hiyo ni fomaldehaidi ileile ikiwa ndani ya maji. Ukikuta neno linaloanza na herufi g-l-y-o-x, hiyo ni asidi ambayo ikipigwa pasi inaweza kutoa fomaldehaidi palepale, kwa hiyo mwenye chupa anaweza kukuapia haimo na asiwe amedanganya. Asidi hiyo ina kesi nyingine pia. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza katika New England Journal of Medicine habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilileta shida mara tatu, kila mara baada ya kunyoosha nywele saluni. Krimu aliyopakwa ilikuwa na asidi hiyo. Walipoipaka panya mgongoni, figo za panya nazo ziliharibika.

Sasa fikiria fremu zetu. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Dodoma unavuma na vumbi lake, hivyo mlango unafungwa na dirisha linafungwa. Mteja mmoja anapigwa pasi, wengine wanne wanasubiri na watoto mapajani, wote wanavuta. Kiyoyozi hakisaidii, kinazungusha hewa ileile. Barakoa zile za bluu hazizuii gesi. Nami nasema kwa ajili ya kazi yangu: wewe unavuta kwa saa mbili unaondoka, binti anayeshika pasi anavuta kutwa, wiki nzima. Akiwa mjamzito, mwenye saluni amtoe kwenye kazi hiyo. Kama lazima ifanyike, ifanyike mlangoni, feni ikisukuma hewa nje, hata vumbi likiingia.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyowapa, na wanawake hao hawakuulizwa majina ya dawa. Lakini anayeritachi kila baada ya wiki nane yumo kwenye kundi la pili, ajijue. Ndiyo maana mabinti wanaomaliza kidato cha nne, wanaokuja mbio mwezi wa kumi na moja kuweka dawa ya kwanza, nawashauri waanze na kusuka. Wengine wananinunia na kwenda fremu ya jirani.

Dawa ya kupimiwa, iliyomiminwa kwenye kopo la mafuta lisilo na lebo, usipakwe hata kwa bei ya kutupa. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na kopo hilo hata wao hawawezi kukwambia lina nini.

Basi omba chupa, piga picha lebo ya nyuma kabla hujapakwa. Msusi akikunjia uso, nyanyuka. Na ukishatoka saluni ukaanza kutapika, kuumwa kiuno au kukosa pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, umwambie daktari ulinyoosha nywele lini, na umwonyeshe ile picha.