Kuhamisha ndege wa mafunjo

SWALI: Hapa Dunga, Kisumu, mafunjo yamekatwa hadi yamebaki vipande. Gonoleki wa mafunjo, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ni wachache. Je, tuwaletee wenzao kutoka kinamasi cha Yala ili wasizaane ndugu kwa ndugu?

JIBU: Huenda ikafaa, ila msianze na nyavu. Kule Illinois, Marekani, kuku-pori wa nyika walipungua hadi chini ya 50 mwaka 1994, wakazaana ndugu kwa ndugu, na mayai mengi hayakuanguliwa. Kati ya 1992 na 1998 waliletwa 271 kutoka majimbo mengine, na mayai yakaanguliwa vizuri tena. Lakini nyasi zao zilibaki chache, kwa hiyo idadi ikashuka upya. Ndiyo maana twasisitiza: mafunjo kwanza!

Kisha hakikisheni tatizo ni damu moja, si nyoka anayekula mayai. Tone la damu kutoka mshipa wa bawa hutosha kupima jeni. Wageni hawahitajiki wengi; mmoja anayefaulu kuzaa katika kila kizazi husaidia sana. Hata hivyo hamisheni zaidi ya hapo, maana wengine hufa na wengine hurudi kwao.

Kunasa ni alfajiri, bila mvua. Kagueni wavu kila dakika 20, kwani jua huua upesi. Kila ndege na mfuko wake wa pamba, apimwe magonjwa, avishwe pete, aachiliwe siku hiyo hiyo. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni lazima.